Harufu ya maji taka bafuni: ianze ndoo ya maji kabla ya sululu

Katika kata nyingi za Ngara na Biharamulo, maji ya bafuni na chooni huishia kwenye shimo lililo uani. Gesi ya shimo hilo huzuiwa kuingia ndani na maji machache yanayotuama kwenye kona ya bomba, chini ya tundu la sakafu, sinki na choo cha kuvuta. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, maji hayo hukauka katika bafu lisilotumika, na harufu hupanda.

Kwa hiyo, kabla ya kuvunja sakafu, mwananchi anashauriwa kumimina maji ya kutosha katika kila tundu na kusubiri siku moja. Harufu ikikoma, maji yaongezwe kila wiki. Ikiendelea, fundi bomba akague kama kitako cha choo kinacheza au kimepasuka, kisha bomba la hewa linalotokeza juu ya paa, ambalo huweza kuzibwa na majani au viota vya ndege. Mwisho likaguliwe shimo lenyewe, huenda limejaa.

Mtu yeyote asishuke shimoni, wala asiwashe kibiriti karibu nalo, kwani gesi yake huweza kulipuka. Hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hulemaza pua. Mtu haisikii tena, huzimia na kufa. Anayeshuka kumwokoa huweza kufa vivyo hivyo. Shimo lililojaa linyonywe kwa gari la maji taka, na ushauri uombwe kwa afisa afya wa kata.