Ganzi ya Mikono: Fundi Kwanza, Duka la Dawa Baadaye

Dereva wa bodaboda wa Butimba, Mwanza, akisema mikono inakufa ganzi, kijiweni hakosi tabibu. Mmoja atamwambia ni baridi ya alfajiri itokayo ziwani. Mwingine atasema ni uchovu tu, akilala itaisha. Wa tatu atamwelekeza duka la dawa akanunue vidonge vya vitamini B. Ni nadra kumpata wa kumwambia ashuke, ainame, akague bolti zinazoshikilia injini kwenye fremu. Hoja ya makala haya ni kwamba huyo wa nne, ambaye hayupo, ndiye mwenye jibu la maana zaidi. Ganzi inayoletwa na pikipiki ni tatizo la chombo kabla ya kuwa tatizo la mwili, na kwa kuwa chombo mara nyingi si mali ya anayekiendesha, swali la nani alipie matengenezo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria kati ya Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Buhongwa, ziwe Boxer, TVS au za Kichina, zina injini ya silinda moja yenye CC 100 hadi 150. Pistoni moja hupanda na kushuka bila pistoni nyingine ya kuipinga, na injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mtikisiko wake hufika mkononi takribani mara 83 kila sekunde. Mkono ukiupokea kwa saa nyingi, mishipa midogo ya damu ya vidole hubana na ncha za neva huchoka. Juu ya hapo kuna namna ya kushika. Anayezungusha ekseleta siku nzima hukikunja kifundo cha mkono kuelekea juu, na ndani ya kifundo hicho neva inayohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hupita katika njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kano ngumu. Neva nyingine, ya kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya cha pete, hupita chini ya kitako cha kiganja, pale pale panapoegemea usukani. Kwa hiyo vidole vyenyewe hutoa ushahidi. Ganzi ya gumba na shahada huelekeza kwenye kifundo kilichokunjwa, ya kidole cha mwisho kwenye uzito ulioegemezwa kiganjani au kiwiko kilichobanwa, na ya vidole vyote inayokuja safarini na kuondoka muda mfupi baada ya kuzima injini mara nyingi ni ya mtikisiko wenyewe.

Wanaoilaumu baridi hawajakosea kabisa. Baridi hubana mishipa ya damu, na mwendo wa pikipiki huongeza upepo juu ya ubaridi wa alfajiri. Lakini kisingizio hiki kina umri mrefu, na kilishachunguzwa. Mwaka 1918 nchini Marekani, daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo zinazoendeshwa kwa hewa. Vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Hamilton alionyesha kuwa baridi ilichokoza tu, ilhali chanzo kilikuwa mtikisiko wa nyundo na jinsi ilivyoshikwa kwa nguvu. Uingereza ilichukua muda mrefu kulikubali jambo hilo kisheria, kwani ni mwaka 1985 tu ugonjwa wa vidole vyeupe ulipoingizwa katika orodha yake ya magonjwa ya kazi. Atakayesema kwamba hapa Mwanza hatuoni vidole vyeupe, basi hatuna ugonjwa huo, atakuwa amesahau hali ya hewa. Uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa nchi za joto kama Vietnam na Malaysia umekuta vidole vyeupe ni adimu, lakini ganzi na kuwashwawashwa kwa vidole vipo. Kwenye joto, neva huumia bila rangi ya ngozi kutoa taarifa. Na kama nyundo za mawe zinaonekana mbali na bodaboda, Japani iliwachunguza askari wake wa usalama barabarani waendesha pikipiki, na katika ripoti ya mwaka 1997 ganzi ya vidole ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Hoja ya uchovu ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inapotosha. Mwanzoni ganzi huondoka baada ya kupumzika, kwa sababu neva imechoka na haijajeruhiwa. Kipindi hicho ndicho rahisi kurekebisha mambo. Ikianza kumwamsha mtu usiku hadi akaukung'ute mkono, au ikafika mahali ambapo kufunga kifungo cha shati kunamshinda, au nyama ya chini ya gumba ikaanza kubonyea, suala limeshatoka mikononi mwa fundi na kuingia kwa daktari. Vidonge vya vitamini B humsaidia mwenye upungufu wa vitamini hizo, ila havilegezi neva iliyobanwa kwenye kifundo. Isitoshe, vitamini B6 ikimezwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, yenyewe husababisha ganzi, jambo ambalo muuza duka halitaji. Kuna hatari nyingine ya kujitibu kwa kubahatisha: kisukari, pombe ya kila siku, ukoma na baadhi ya dawa za kifua kikuu vyote huleta ganzi. Dereva ambaye miguu nayo inakufa ganzi, au mwenye baka lisilohisi mguso, asipoteze wiki kwenye gereji. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja inayoambatana na mdomo kwenda kombo inaweza kuwa kiharusi, na hapo safari ni ya hospitali papo hapo.

Ushauri unaotolewa zaidi na wataalamu ni kupunguza saa za kuendesha. Ni sahihi, lakini ukimpa dereva mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki jioni, umempa maneno matupu. Hesabu za wataalamu wenyewe zinatuonyesha njia nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya, kupitia agizo la mwaka 2002, hupima mtikisiko wa mkono kwa wastani wa siku ya kazi ya saa 8. Ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba mwajiri anapaswa kuchukua hatua, na haupaswi kuzidi 5. Katika kukokotoa wastani huo, nguvu ya mtikisiko ina uzito zaidi kuliko muda, kwa sababu muda huingia kwa kipeuo chake cha pili. Mtu anayeendesha saa 12 akishuka hadi saa 8, dozi yake hupungua kwa asilimia 18 tu. Akibaki na saa zake 12 lakini mtikisiko wa pikipiki ukapunguzwa kwa theluthi moja, dozi nayo hupungua kwa theluthi hiyo hiyo. Ili aupate unafuu huo kwa kukata muda peke yake, ingembidi aendeshe saa 5 na dakika 20, na hesabu ya tajiri isingetimia. Hapa ndipo fundi anapoushinda ushauri wa mapumziko.

Fundi afanye nini basi? Kwanza akaze bolti za injini na abadilishe bushi zilizoliwa, kwa sababu injini iliyolegea hutikisa fremu nzima na fremu huufikisha mtikisiko huo usukanini. Aangalie beringi za shingo ya usukani, spoku, mlingano wa rimu na upepo wa tairi. Cheni iliyochakaa, yenye sehemu zilizokaza na nyingine zilizolegea, nayo huongeza mshituko. Waya za ekseleta na klachi zitiwe mafuta, maana ekseleta nzito hudai mkono ushike kwa nguvu, na kadiri unavyobana ndivyo unavyopokea mtikisiko zaidi. Vile vyuma vizito vya kwenye ncha za usukani, ambavyo wengi huving'oa au kuviacha vidondoke, havikuwekwa kwa urembo, vipo kutuliza mtikisiko. Mipira ya mikono ikikauka na kung'aa ibadilishwe. Kisha usukani uzungushwe na pembe za breki na klachi zirekebishwe, hadi dereva akikaa na kunyoosha vidole, mgongo wa kiganja na mkono wake viwe mstari mmoja. Hii ya mwisho haihitaji kipuri chochote, ni spana tu, na ajabu ni kwamba ndiyo husahauliwa kuliko zote. Usukani hubaki ulivyotoka dukani, uwe wa dereva mfupi au mrefu.

Yapo yasiyo ya fundi. Mshikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, mbali na kuwa kosa la barabarani, humsukuma dereva mbele hadi akalie tangi. Viwiko hukunjwa, vifundo hukunjwa, na uzito wa mwili unaopaswa kubebwa na kiti na mapaja huhamia viganjani. Barabara za mawe kwenye vilima vya jiji zimeondoa tope, tuzishukuru, lakini mikono hulipa. Njia ya Sengerema na Geita nayo imebadilika. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kivuko kilimlazimisha mwendesha pikipiki kuzima injini na kusubiri zamu yake, akavuka mikono ikiwa mifukoni. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani foleni ile irudi. Lakini mapumziko ambayo Ziwa Victoria lilikuwa likiyatoa bure, sasa dereva ayatoe mwenyewe, asimame Kigongo au Busisi kwa dakika kumi, akunjue vidole na kuzungusha mabega.

Wapo wanaoweka imani kwenye glavu. Glavu nyepesi na vile vifuniko vya usukani vinavyokinga mikono na upepo vina faida ya kweli, navyo ni kwa ajili ya ile baridi tuliyoizungumzia. Ila glavu nene hulazimisha mkono ubane zaidi ili kuushika usukani, na hata zile zinazouzwa kwa sifa ya kuzuia mtikisiko huzuia kidogo sana mtikisiko wa kasi ndogo unaotoka barabarani. Wengine wanasubiri pikipiki za umeme. Kwa kuwa hazina pistoni, zitaondoa sehemu kubwa ya tatizo, na hilo ni jambo jema lisilosemwa vya kutosha na wanaozinadi kwa bei ya mafuta peke yake. Hata hivyo mota haina uwezo juu ya kifundo kilichokunjwa wala mawe ya kilimani.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa madereva wenyewe: pikipiki si yangu, kwa nini niipeleke gereji kwa hela yangu? Wanaoendesha kwa hesabu humpelekea tajiri kiasi cha kila siku, na kinachobaki ndicho chao. Matengenezo makubwa kwa kawaida ni ya tajiri, lakini injini inayotikisika na bado inatembea haihesabiwi kuwa imeharibika. Wenye mkataba, ambao watamiliki chombo wakimaliza kulipa, hubeba matengenezo yote wenyewe huku wakikimbizana na marejesho, hivyo kila shilingi isiyozuia pikipiki kutembea huahirishwa. Katika mpango wa kwanza mwenye maumivu hana mamlaka juu ya chombo, na katika wa pili hana nafasi. Sheria nayo haiwafikii vizuri. Shirika la Kazi Duniani linayataja magonjwa ya mtikisiko katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, na Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hujengwa na michango ya mwajiri. Dereva wa hesabu, mbele ya karatasi, hana mwajiri. Ana tajiri tu.

Tajiri anaweza kujibu kwamba yeye anakodisha chombo na hauzi afya, na kwamba dereva akipewa matengenezo ya bure atakiendesha ovyo zaidi. Jibu la kwanza ni la biashara: bolti zilizolegea hupasua fremu na kula bushi, kwa hiyo anachookoa mwezi huu atakilipa mara dufu baadaye. La pili linamhusu abiria. Mkono wa kulia ndio unaoshika ekseleta na breki ya mbele kwa pamoja, na vidole visivyohisi huchelewa kujua breki imeshika kiasi gani, kwenye barabara ya Shinyanga ambako malori na daladala havitoi nafasi ya kuchelewa. Mikataba kati ya tajiri na dereva mara nyingi huandikwa na kusainiwa mbele ya mashahidi, ikitaja kiasi, siku ya mapumziko na nani alipe faini za polisi. Kuongeza mstari mmoja unaosema kwamba mara moja kwa mwezi pikipiki itapelekwa kwa fundi kukaguliwa bolti za injini, beringi, waya na mipira ya usukani, kwa gharama ya mwenye chombo, na kwamba siku hiyo hesabu haidaiwi, hakuhitaji waziri wala kanuni mpya. Vyama vya bodaboda vina uzito wa kulidai hilo kwa wanachama wao wote kwa pamoja. Dereva mmoja akilidai peke yake, ufunguo atapewa mwingine.