Siku Moja Nagasaki

Katika kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini-magharibi wa nchi ya Japani, bahari huingia katikati ya milima kama mkono mrefu mwembamba, na mwisho wa mkono huo umejengwa mji wa Nagasaki. Meli kubwa za abiria huingia polepole, hupita chini ya daraja refu na kando ya viwanda vya kuundia meli, kisha hufungwa katika gati la Matsugae, ambalo li karibu kabisa na mji. Kutoka sitahani abiria huona nyumba zimepanda vilima pande zote kama watu waliokaa juu ya ngazi. Hushuka asubuhi, na jioni hutakiwa wawe wamekwisha kurudi, maana meli haimngojei mtu.

Basi, mtu aliyepewa mchana mmoja tu atazame nini? Wengi huenda moja kwa moja kwenye bustani ya Glover, yule Mskoti mfanya biashara aliyejengewa nyumba ya mbao mlimani katika mwaka wa 1863. Hupigwa picha mbele ya maua, hununua keki, hurudi melini wakidhani ya kuwa wameiona Nagasaki. Nyumba ile ni nzuri, wala sisemi ipitwe. Lakini mji huu una habari kubwa kuliko hiyo, na anayetaka kuifahamu hana budi kuanza zamani.

Wareno walianza kufanya biashara katika bandari hii mwaka wa 1571. Hao ndio Wareno wale wale walioanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka wa 1593. Merikebu zao zilitoka Lisbon, zikatia nanga Msumbiji, zikaenda Goa na Malacca na Macau, na mwisho wa njia ulikuwa Nagasaki. Sisi tulipata kwao maneno kama meza, bendera na leso. Wajapani walipata neno pan, ndiyo mkate, nao hulitumia hata leo.

Pamoja na wafanya biashara walikuja mapadre, na watu wengi wa Kyushu walibatizwa. Watawala wa Japani wakaingiwa na hofu, wakidhani kwamba baada ya mapadre watakuja askari kuitwaa nchi. Tarehe 5 Februari 1597 watu 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nishizaka, karibu na bandari. Wengi wao walikuwa wametembezwa kwa miguu katika baridi kali kutoka Kyoto, na mmojawapo alikuwa mtoto wa miaka 12. Mwaka wa 1614 dini ya Kikristo ilikatazwa katika nchi nzima, na mwaka wa 1639 Wareno wakafukuzwa. Watu wa Nagasaki walilazimishwa, kila mwanzo wa mwaka, kukanyaga sanamu ya Bwana Yesu au ya Mariamu mbele ya wakubwa wa serikali. Aliyesita kuweka mguu alikamatwa.

Sasa msafiri na apande njia ya mawe inayotoka karibu na gati mpaka kanisa la Oura. Si mwendo mrefu. Kanisa hili lilijengwa na mapadre Wafaransa mwaka wa 1864, kwa ajili ya wageni tu, maana Wajapani walikuwa bado wamekatazwa. Nalo limeelekezwa kilima kile cha Nishizaka. Wenyeji waliliita hekalu la Wafaransa, wakaja kulishangaa.

Tarehe 17 Machi 1865 watu wachache, wanaume kwa wanawake, walisimama mlangoni. Padre Petitjean akawafungulia, akaenda kupiga magoti mbele ya altare. Ndipo mwanamke mmoja akamkaribia, akamwambia kwa sauti ndogo ya kuwa mioyo yao wote ni sawa na moyo wake. Kisha akamwuliza iko wapi sanamu ya Mariamu. Padre akafahamu. Watu hao walikuwa Wakristo kutoka kijiji cha Urakami, na wazee wao walikuwa wameishika dini kwa siri kwa muda wa miaka 250 hivi, bila padre na bila kanisa.

Waliwezaje? Walijipangia kazi. Mtu mmoja alitunza hesabu ya siku, ili wajue Krismasi na Kwaresima ni lini. Mwingine alibatiza watoto. Mwingine alipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Sala walizisema kwa moyo, baba akimfundisha mwana, na maneno ya Kilatini na ya Kireno yakageuka kidogo kidogo katika vinywa vyao. Wengine waliweka nyumbani sanamu ya Kannon, ambaye Wabudha humheshimu kwa huruma yake, amembeba mtoto; aliyeingia aliona sanamu ya Kibudha, na wenye nyumba walimwona Mariamu. Wako watu wanaosema kwamba haifai kuwasifu, kwa sababu kila mwaka walikanyaga sanamu kisha wakarudi nyumbani kutubu. Mimi nadhani anayesema hivyo hajawahi kuwa na watoto wadogo na askari mlangoni.

Sanamu waliyoionyeshwa siku ile imo kanisani hata sasa. Lakini furaha yao haikudumu. Habari zilipojulikana serikali iliwakamata, na tangu mwaka wa 1868 watu wa Urakami zaidi ya 3,000 walihamishwa na kutawanywa katika mikoa ya mbali. Zaidi ya 600 walifia huko. Mwaka wa 1873 amri ya kuikataza dini iliondolewa, waliobaki wakarudi makwao.

Kutoka Oura msafiri hupanda gari la umeme lipitalo juu ya reli barabarani. Magari ya namna hii yamekuwako Nagasaki tangu mwaka wa 1915. Baada ya muda mfupi hufika Dejima. Dejima kilikuwa kisiwa, lakini hakikuumbwa hivyo: watu walijaza udongo na mawe baharini tangu mwaka wa 1634 hata 1636, wakafanya kisiwa chenye umbo la upepeo uliofunguliwa, ili Wareno wafungiwe humo. Wareno walipofukuzwa, Waholanzi waliwekwa mahali pao mwaka wa 1641. Zaidi ya miaka 200 hapo palikuwa mahali pa pekee katika Japani ambapo Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara. Waweza kukivuka kisiwa chote kwa dakika chache. Palikuwa na daraja moja na walinzi, na Mholanzi hakutoka bila ruhusa. Waholanzi walileta hariri na sukari, wakachukua shaba. Walileta vitabu pia, na vijana wa Kijapani walifunga safari kutoka mbali waje Nagasaki kujifunza uganga wa Kizungu. Siku hizi bahari imejazwa pande zote na Dejima imo katikati ya mji, lakini nyumba nyingi zimejengwa tena kwa mfano wa zile za kale. Keki niliyoitaja, iitwayo kasutera, ilitokana na upishi wa Wareno, na sukari ya bandari hii ndiyo iliyoufanya mji kuwa hodari wa vitu vitamu. Mwenye njaa na ale kipande hapa, kwa sababu mahali pa mwisho si pa kula.

Gari la umeme laendelea kaskazini, lapita karibu na Nishizaka, laingia bonde la Urakami. Wale waliorudi mwaka wa 1873 walikuwa maskini, hata hivyo walinunua uwanja wa mkubwa wa kijiji, pale pale walipokuwa wakilazimishwa kukanyaga sanamu, wakaanza kujenga kanisa la matofali mwaka wa 1895. Lilimalizika mwaka wa 1914, nalo lilikuwa kubwa sana.

Tarehe 9 Agosti 1945, katika vita kuu ya pili, ndege ya Marekani ilichukua bomu la atomu kwenda mji wa Kokura. Kokura ulikuwa umefunikwa na mawingu na moshi, kwa hiyo ndege ikageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu lilipasuka juu ya Urakami, kama meta 500 kutoka ardhini. Mapadre wawili walikuwa kanisani wakisikiliza maungamo. Wao na waliokuja kuungama walikufa wote. Hata mwisho wa mwaka ule watu kama 74,000 walikuwa wamekufa mjini. Kati ya Wakristo 12,000 wa Urakami, yakadiriwa kwamba walikufa 8,500. Kanisa la Oura liliumia lakini halikuanguka, maana ni mbali na vilima viliukinga upande ule.

Katika nyumba ya makumbusho imetundikwa saa ya ukutani iliyosimama dakika ile ile. Si mbali, kwenye hekalu la Sanno, lango la mawe limebaki na nguzo moja, na miti miwili mikubwa ya kafuri iliyoungua ikachipuka tena. Leo yatia kivuli kizito. Kanisa lilijengwa upya mwaka wa 1959.

Kanisa la kwanza lilikuwa na kengele mbili. Moja ilivunjika, ya pili ilifukuliwa katika kifusi bila kuharibika, ikapigwa usiku wa Krismasi mwaka ule ule wa 1945. Mnara mmoja ulikaa bila kengele miaka mingi, hata Wakristo wa Marekani walipochanga fedha wakaleta nyingine, na tarehe 9 Agosti 2025, saa tano na dakika mbili, zote mbili zililia pamoja.

Msafiri akisikia kengele za jioni ajue amechelewa. Gari la umeme la kurudi gatini hujaa, na meli hung'oa nanga jua linaposhuka nyuma ya mlima Inasa.