Malawi: Nani Alimsemea Mfungwa?



Mara kwa mara katika mikutano ya matawi tunaulizwa: wafungwa wa kisiasa wa nchi jirani wanatuhusu nini sisi tunaochuma chai na kuendesha mashine? Wabunge na waseme, ndiyo kazi waliyotumwa. Sisi tunadai mshahara. Swali hili si la kijinga, wala hatutalijibu kwa hotuba. Tutasimulia mambo ya Malawi, ambako mmoja wa wafungwa hao alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kama sisi.

Ndugu Chakufwa Chihana alikuwa Katibu Mkuu wa SATUCC, baraza linalounganisha vyama vya wafanyakazi vya nchi za kusini mwa Afrika. Miaka ya 1970 alikwisha kukaa gerezani kwao bila kushtakiwa kwa kosa lolote, kisha akaishi uhamishoni. Tarehe 6 Aprili 1992 alirudi nyumbani. Aliposhuka katika ndege uwanjani Lilongwe alitoa taarifa yake akaanza kuisoma palepale, akidai demokrasia. Hakuimaliza. Polisi walimchukua.

Sasa tuulize: mbunge gani wa Malawi angesimama kumtetea? Dk. Kamuzu Banda alikuwa Rais wa Maisha tangu 1971. Chama kilikuwa kimoja tu, MCP, na mbunge aliyefukuzwa katika chama alipoteza na kiti chake. Tena kulikuwa na jambo baya kuliko kupoteza kiti. Mwezi Mei 1983 mawaziri watatu, Dick Matenje, Aaron Gadama na Twaibu Sangala, pamoja na mbunge David Chiwanga, walikufa wilayani Mwanza. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Ilipita miaka zaidi ya kumi, na utawala kubadilika, ndipo tume ya uchunguzi ikasema kwamba waliuawa na polisi. Banda na wenzake walishtakiwa kwa vifo hivyo, mahakama ikawaachia Desemba 1995. Lakini mbunge aliyekuwa amekaa bungeni mwaka 1984 au 1990 hakuhitaji kusubiri tume. Alijua, akanyamaza. Tusimcheke, maana hata sisi kuna meneja ambaye akipita tunashusha sauti.

Kwa hiyo waliosema walikuwa watu wa nje. Tuchukue habari ya Orton Chirwa na mkewe Vera, wote wanasheria. Orton alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya Banda. Mwaka 1964 mawaziri walipokosana na Banda alifukuzwa kazi, na familia hiyo ikaishi miaka mingi Tanzania, kama walivyofanya Wamalawi wengine wengi waliokimbia wakati ule. Mkesha wa Krismasi 1981 walikamatwa pamoja na kijana wao. Wao walisema walitekwa upande wa Zambia. Serikali ya Malawi ilisema iliwakuta ndani ya mipaka yake. Walipelekwa mbele ya mahakama ya jadi, wakajitetea wenyewe bila wakili, na mwaka 1983 wakahukumiwa kunyongwa kwa uhaini.

Hapo ndipo kelele za nje zilipofanya kazi. Katika Bunge la Uingereza serikali iliulizwa habari za Chirwa na mkewe. Amnesty International iliwatangaza kuwa wafungwa wa dhamiri. Maombi yalitoka nchi nyingi, na mwaka 1984 Banda aliibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Shingo zao zilipona. Mlango wa gereza la Zomba haukufunguka.

Na sisi majirani? Tulikuwa na udhuru wetu. Mkataba wa OAU wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na katazo hilo liligeuzwa blanketi la kufunika kila kitu. Mbunge wa London aliweza kuuliza kwa jina habari za mfungwa wa Zomba, na mabunge yetu ya karibu, yaliyoweza karibu kusikia minyororo, hayakusikika sana. Tunasema hivi kwa aibu, si kwa kuwasifu Waingereza, ambao serikali yao iliendelea kumpa Banda misaada miaka yote hiyo.

Sasa turudi 1992. Tarehe 8 Machi, mwanzo wa Kwaresima, barua ya maaskofu saba wa Kikatoliki ilisomwa makanisani nchi nzima. Walizungumzia hofu ya kusema ukweli, na hawakuuacha umaskini wa wafanyakazi na mishahara midogo. Mwezi uliofuata akakamatwa Chihana. Mwanzoni mwa Mei wafanyakazi wa kiwanda cha nguo Blantyre waligoma wakitaka mshahara. Mgomo ukatoka kiwandani ukaingia mitaani, ukafika Lilongwe, polisi wakapiga risasi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Angalieni vizuri: walianza na mshahara, na siku chache baadaye jambo lilikuwa ni utawala wenyewe. Mwezi huohuo nchi wahisani zilikutana Paris zikasimamisha misaada mipya, isipokuwa ile ya kuokoa maisha. Miaka yote ya Chirwa hazikufanya hivyo.

Septemba 1992 ujumbe wa wanasheria wa Uingereza uliruhusiwa kuingia Zomba. Siku hiyo Orton na Vera walionana kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, ingawa walikuwa katika gereza moja. Mwezi uliofuata Orton alifariki humo humo, na Vera hakuruhusiwa kwenda kuzika. Aliachiwa Januari 1993.

Chihana alihukumiwa Desemba 1992 kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu kwa uchochezi. Alipokata rufaa, kilipunguzwa kikawa miezi tisa. Alitoka tarehe 12 Juni 1993. Siku mbili baadaye wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakataka vyama vingi. Mwaka 1994 Banda alishindwa uchaguzi, na Chihana akawa Makamu wa Pili wa Rais. Wapo waliomlaumu kwa kuingia serikalini baada ya kushindwa kura. Hilo tutalijadili siku nyingine.

Mama Vera Chirwa alichaguliwa katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 1999. Kuanzia 2000 hadi 2005 kazi yake katika tume hiyo ilikuwa kuingia magereza ya nchi za Afrika na kuandika aliyoyakuta.