Sura ya Saba: Daraja za Vyombo vya Kuumba Video

Tangu kampuni ya Meta ilipoutangazia ulimwengu, mwezi wa Septemba 2022, chombo chake kiitwacho Make-A-Video, chenye kuigeuza sentensi iliyoandikwa kuwa picha ziendazo kwa sekunde chache, haikupita miaka miwili kabla ya swali la watu kubadilika. Kwanza waliuliza kama jambo hilo lawezekana. Mwezi wa Machi 2023 ilienea video ya mwigizaji Will Smith akila tambi, iliyoumbwa kwa programu ya ModelScope, nayo kwa uso wake uliopindapinda ikawa mzaha wa dunia. Lakini Februari 2024, OpenAI ilipoionyesha Sora, yenye kutoa video ya hadi dakika moja, wengi katika waliocheka walinyamaza. Mwaka huohuo zikafuata Kling ya Kuaishou kutoka China, Dream Machine ya Luma, Gen-3 ya Runway ya New York na Veo ya Google, na tangu hapo swali limekuwa: kipi ni bora kuliko vyote? Sura hii yakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, kwa umbo lake hilo, halina jawabu, na kwamba daraja yoyote isiyotaja kazi iliyokusudiwa wala mizani iliyotumika haistahili kuaminiwa.

Ili kuzifahamu mizani hizo, sharti kwanza tujue namna video yenyewe inavyoumbwa. Chombo hakipigi picha wala hakichori mstari baada ya mstari, bali huanza na chenga tupu zisizo na sura, kisha, kwa kuifuata ibara ya maagizo aliyoandika mtumiaji na mazoea kiliyoyapata katika video nyingi mno kilizofunzwa, huzipunguza chenga hizo hatua kwa hatua mpaka sura ikabaki. Aghalabu fremu, yaani picha mojamoja, za kipande kimoja huumbwa kwa pamoja, kila moja ikizingatia nyingine, ili aliyeanza na kanzu nyeupe asimalize amevaa koti. Hapo ndipo zinapotoka fadhila za vyombo hivi pamoja na aibu zake: sura za mambo huzijua kwa ufundi wa kustaajabisha, ilhali sababu na matokeo yake huyabahatisha. OpenAI wenyewe, walipoitangaza Sora, walikiri kwamba mtu katika video aweza kung'ata biskuti, na biskuti isionyeshe alama ya jino.

Mizani ya kwanza ni ya hesabu. Mwaka 2018 watafiti walitoa kipimo kiitwacho FVD, ambacho hulichukua kundi la video zilizoumbwa na kundi la video za kweli, kikayapitisha yote mawili katika programu iliyofunzwa kutambua matendo ya wanadamu, na kupima umbali uliopo baina yake. Umbali ukipungua, sifa huongezeka. Ni kipimo chepesi, kisichojua kumpendelea mtu. Lakini uchunguzi wa baadaye ulidhihirisha kwamba huvutwa zaidi na uzuri wa fremu mojamoja kuliko usahihi wa mwendo, na mwendo ndio unaoitenga video na picha ya ukutani.

Ndipo ikaja VBench, kazi ya watafiti wa Singapore na China iliyochapishwa 2024, ambayo iliugawa ubora katika sifa 16, miongoni mwake zikiwa kudumu kwa mtu yuleyule na mandhari ileile, ulaini wa mwendo, rangi, mahali pa vitu, na utii kwa ibara iliyoandikwa. Funzo kubwa la mgawanyo huo ni kwamba sifa hizi hugombana. Video isiyotikisika hupata alama za juu za uthabiti, maana kisichokwenda hakipotoki. Kwa hiyo ikalazimu pawepo kipimo cha wingi wa mwendo, ili uvivu usihesabiwe kuwa uhodari. Basi mwenye kuzijumlisha sifa zote akatoa namba moja, huwa amekwisha kuamua ipi ina uzito na ipi haina, na msomaji ana haki ya kumwuliza aliamuaje.

Mizani ya pili ni jicho la mwanadamu. Mtu huonyeshwa video mbili zilizotokana na ibara moja, majina ya vyombo yakiwa yamefichwa, akachagua impendezayo. Kura zikishakuwa nyingi hugeuzwa kuwa pointi kwa kanuni ya Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, ambaye aliibuni kwa ajili ya wachezaji wa sataranji, na shirikisho la dunia la mchezo huo likaikubali mwaka 1970. Kanuni hii ni njema kwa ajuaye kuisoma. Tofauti ya pointi 400 maana yake ni ushindi wa kumi kwa mmoja. Tofauti ya pointi 100 maana yake ni kupendwa mara 64 katika 100. Lakini tofauti ya pointi 10 ni mara 51 hivi katika 100, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo inapotangazwa kwamba chombo fulani kimekiangusha kingine kwa pointi kumi, aliyeielewa kanuni hatakimbilia kubadili usajili wake. Tena, mpiga kura hutazama sekunde chache na huchukuliwa na mng'ao; kumkabidhi mshindi wa kura hizo filamu nzima ni sawa na kumwajiri mpagazi kwa sababu alishinda mbio fupi.

Kwamba mng'ao na ukweli ni mambo mawili si dhana tupu. Mwezi wa Januari 2025 jaribio liitwalo Physics-IQ, lililofanywa na watafiti wa Google DeepMind pamoja na wenzao, lilivipa vyombo kadhaa mwanzo wa matukio ya kweli, kama vile vitu kugongana na vimiminika kumiminika, na kuvitaka vikamilishe yaliyobaki. Ilibainika kwamba ufahamu wa kanuni za maumbile ulikuwa mdogo, na kwamba video yenye kuonekana ya kweli zaidi haikuwa lazima iwe yenye ufahamu zaidi.

Yafaa pia kumtazama anayeshika mizani. Google ilipoitoa Veo 2, Desemba 2024, iliwaita watu walinganishe video zake na za washindani kwa ibara 1003 zilizotungwa na Meta, na kuupokea mtihani wa mpinzani ni jambo la insafu. Lakini video za Veo zilikuwa za sekunde 8, za Meta 10, na za wengine 5. Hawakulificha hilo, walilieleza wenyewe. Mwenye busara huyasoma masharti hayo kabla ya kuyasoma matokeo.

Mizani ya tatu, ambayo majedwali mengi huisahau, ni gharama ya vilivyotupwa. Kikundi cha Shy Kids cha Toronto, kilichotumia Sora mwaka 2024 kutengeneza filamu fupi ya mtu mwenye puto mahali pa kichwa, kilikadiria kwamba kilizalisha kiasi cha mara 300 ya kilichobaki katika filamu. Basi bei ya kweli ni ya kipande kilichokubaliwa: chombo cha shilingi 500 kwa kipande, ambacho kimoja katika kumi ndicho kifaacho, chagharimu 5,000, na cha shilingi 1,500, ambacho nusu ya vipande vyake vyafaa, chagharimu 3,000 tu.

Kwa hayo yote, daraja ziandikwe kwa kazi; mfano huu ni wa hali ilivyokuwa mwishoni mwa 2025. Atakaye sauti na maneno pamoja na picha ataitazama kwanza Veo 3, iliyotoka Mei 2025 na vipande vyake vya sekunde 8, kisha Sora 2 ya Septemba mwaka huo. Naye mtangazaji wa Dar es Salaam au Mombasa asikilize matamshi ya Kiswahili kabla ya kulipa. Mwongozaji mwenye kutaka mhusika asibadilike uso kutoka onyesho hadi onyesho ataijaribu Gen-4 ya Runway, iliyoundwa kwa kusudi hilohilo. Asiyetaka kazi yake ipite katika kompyuta za wengine ana Wan 2.1 ya Alibaba, iliyotolewa bure Februari 2025, ambayo toleo lake dogo laweza kwenda kwa kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na ushei.

Hata hivyo, matoleo hubadilika upesi kuliko vitabu, na namna ya kupima ndiyo idumuyo. Msomaji na aandike ibara zake mwenyewe, za mambo ayajuayo kwa macho: mwanamke akikuna nazi juu ya mbuzi, jahazi likigeuza tanga, mikono ikisuka ukili. Kila ibara airudie mara kadhaa, ayafiche majina, amwite mwingine ahukumu. Atazame kama nazi yapungua kifuuni, kama tanga lashiba upepo utokako, kama vidole vingali vitano. Katika hukumu yake atangulize utii, afuatishe uthabiti, kisha usahihi wa sababu na matokeo, na uzuri auweke mwisho. Kwa maana mwishoni mwa mwaka 2025 uzuri ulikuwa umekwisha kupatikana kwa karibu kila muuzaji, na hayo matatu yaliyotangulia ndiyo yaliyokuwa yakivitenga vyombo hivi daraja kwa daraja.