Mizani ya madumu Nyasho

Kipande cha zege kimeandikwa 9.4. Kinachofuata ni 9.6. Cha tatu kiliandikwa 9.5, kikakwaruzwa, kikaandikwa upya 9.3. Vimepangwa chini ya ukuta, uani mwa nyumba moja isiyo mbali na soko la Nyasho mjini Musoma, na kila kimoja kina tundu katikati la kupitishia chuma. Kwa mbali ni yale mazege ya mazoezi tunayoyajua wote: yamemwagwa kwenye kopo la rangi, yakakauka, kopo likachanwa. Kila mtaa wenye vijana unayo. Ila mtaani kijana huinua zege na kusema "hili kama ishirini hivi", mwenzake akabisha au akakubali, mambo yakaishia hapo. Hapa kuna nukta. Nani anaweka nukta kwenye zege?

Mwenye mali ni fundi ujenzi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, asiyetaka jina lake litoke gazetini. Vijana humwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Mchana yuko kwenye misingi na lenta za nyumba za watu; mazege ya mazoezi huyafyatua jioni na Jumapili, kwa saruji aliyonunua mwenyewe. Hilo la saruji alilitamka kabla sijamuuliza. Nilichomuuliza ni nukta inatoka wapi. Hakujibu. Alikwenda kufungua kamba iliyofungwa kwenye shina la mwembe.

Kutoka tawini kilishuka kipande cha bomba la maji, urefu kama mita moja na nusu, kimefungwa kamba katikati, na kila ncha ina kulabu ya nondo. Upande mmoja Fundi akatundika zege pamoja na dumu tupu la lita 20. Upande wa pili akatundika dumu jingine tupu, la rangi ileile na kiwanda kilekile, ambalo alikwisha kulilinganisha na mwenzake bila mzigo wowote. Kwa kuwa dumu lipo pande zote mbili, uzito wake haumo tena kwenye hesabu. Kisha akaanza kumimina maji. Lita moja, kilo moja.

Hapimi kwa mistari ya dumu, wala haamini kwamba dumu la lita 20 ni la lita 20. "Lijaze mpaka shingoni uone, linazidi," anasema. "Anayenunua mafuta kwa dumu analijua hilo. Anayeuza analijua zaidi." Kipimo chake ni chupa ya maji ya kunywa ya lita moja, ambayo aliitia alama ya kalamu pale maji yalipofikia siku aliyoinunua, kabla hajafungua kizibo. Kwa vijisehemu ana jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, mali ya mke wake, linalorudishwa jikoni jioni kwa masharti.

Bomba linainama upande wa zege. Lita ya nane, bado. Ya tisa, linasita, linaanza kunyanyuka. Fundi anashika jagi. Anamimina kidogo, anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja na kulinganisha bomba na mistari ya matofali ya ukuta wa jirani, ukuta alioujenga yeye na kwa hiyo anauamini. Kidogo tena. "Haya, mwandishi, sasa tubadilishe."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alishusha vyote, akahamisha zege kulia na maji kushoto. Kama kamba haikukaa katikati sawasawa, mkono mmoja wa bomba ni mrefu kuliko mwingine na upande huo unapendelewa. Ukibadilisha pande, upendeleo unaangukia mzigo wa pili, na kosa linajitokeza. Watu wa maabara wanaijua mbinu hii. Fundi anasema aliipata kwa bibi yake, mkulima wa pamba huko Bunda, aliyekuwa na tabia ya kudai furushi lake lipimwe mara mbili, mara ya pili kwa mizani ya mtu mwingine. "Walimwita msumbufu. Alikufa akiitwa msumbufu."

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa mkulima anajisikiaje mbele ya mizani ya mnunuzi. Malalamiko ya kupunjwa kwenye ununuzi wa pamba ni miongoni mwa mambo yaliyowakusanya wakulima miaka ya 1950 nyuma ya Paul Bomani, mzaliwa wa mkoa huu, hadi mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions. Bibi yake Fundi hayumo kwenye vitabu vya historia hiyo. Mbinu yake ninayo hapa, chini ya mwembe.

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa kitu cha kunyanyua na kuweka chini. Aliniambia nishike mazege mawili yasiyo na namba yaliyoachwa pembeni, moja kila mkono, nikunje viwiko. Kulia palikuwa pazito. Nikahisi ni mkono wangu tu. "Ndivyo wanavyosema wote," akasema. "Kijana anapiga tizi mwaka mzima, mkono mmoja kilo 9, mwingine 11, halafu anakuja kwangu ananiambia bega moja limemzidi mwenzake." Na kuna jambo la pili, ambalo kwake ndilo kubwa. Misuli huongezeka kwa kuongezewa mzigo kidogokidogo: wiki hii 20, ikizoeleka, 21. Asiyejua alipo hawezi kujua ameongeza nini. Anarukia zege kubwa kwa sababu limekaa karibu.

Uzito wenyewe, kumbe, ni rahisi kupita kiasi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wake wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto, unatoa zege la kilo 300 na ushei. Hivyo ni vipande kama 30 vya kopo la rangi la lita 4. Kokoto anazichukua kwa kina mama wanaogonga mawe, na mawe Musoma hayajawahi kuadimika. Kinachogharimu ni kujua umebeba kiasi gani, na hicho ndicho watu hawataki kulipia. Bei sitaandika, zitakuwa zimebadilika kabla gazeti halijafika Tarime.

Halafu akaniletea jozi ya dambeli za dukani, za plastiki nyororo, zilizoandikwa kilo 10 kila moja, alizoachiwa na mteja. Moja ilikuwa na ufa. Ndani ya ufa palionekana kijivu: zege. Nyingi za bei nafuu zinazotoka ng'ambo zimejazwa hivyo, plastiki nje, saruji ndani. Tuliitundika ile nzima. Maji yalisimama kabla ya lita ya kumi, na tulipobadilisha pande yakasimama palepale. Fundi hakucheka. Aliandika namba halisi kwa mkaa juu ya ile iliyochapwa kiwandani, akairudisha kwenye mfuko wa mteja.

Mazoezi ya viungo serikali imeyapigia debe sana, hasa tangu mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Tunakimbia, tunaruka kamba, tunarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linataka pia mtu mzima afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida anapokwama, maana akilini mwake hayo yana kioo, zulia na ada ya kila mwezi.

Kwa mtu huyo Fundi ana maoni makali. Asianze na benchi. Kila anayekuja anataka benchi, kwa sababu ya kifua, na benchi la mbao lililopigwa misumari haraka ndilo linaloogopesha kuliko kitu kingine chochote uani, kwa kuwa mtu analala chini ya mzigo. Aanze na bomba la kujivuta, lililokazwa kati ya nguzo mbili zilizochimbiwa. Kisha mfuko wa mchanga, mifuko miwili ya salfeti mmoja ndani ya mwingine. Kisha dumu, ambalo ni kilo 1 asubuhi na kilo 20 jioni ukitaka, ingawa maji yanayumba na kumvuta mtu. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa kazi za bega. Mazege yaje baadaye.

Na fedha yoyote iliyopo iende kwenye chuma cha kushika. Hapa hana mzaha. Nondo ya milimita 16 inanepa ukiifunga mzigo wa maana. Bomba jembamba likidondoshwa na mzigo linapinda, na likishapinda halinyooki tena, hata ulipige nyundo. Yeye anataka chuma kizima cha duara cha milimita 30. Kipande cha mita 2 kina kilo 11, zaidi kidogo tu ya nusu ya kile cha Olimpiki, ambacho ni kilo 20 kwa mita 2.2, lakini kinavumilia.

Olimpiki ilinionyesha kasoro moja ambayo sikuwahi kuiwaza. Sahani za mashindano zina kipenyo cha milimita 450, kwa hiyo chuma kikiwa sakafuni kiko sentimita 22 na nusu kutoka chini. Zege la ndoo ya lita 20 halifikii upana huo. Chuma kinakaa kama sentimita 15 tu, na anayekiinua anainama kupita kiasi, mgongo unapinda kama upinde. Suluhisho la Fundi ni tofali la kuchoma, limelazwa chini ya kila zege. Kimo kinarudi karibu na kinapotakiwa. Matofali hayo mawili hayauzi. Anampa kila mnunuzi.

Kuhusu ukaukaji nilikuta ukali uleule. Zege linafunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na halipimwi kabla ya siku 28, kwa sababu sehemu ya maji huliwa na saruji na yanayobaki huondoka taratibu. Ile 9.5 iliyogeuka 9.3 aliipima mapema siku mteja alipomharakisha. Hakujisamehe. Mteja alipata punguzo ambalo hakuliomba.

Lakini yapo ambayo mwembe hauyajibu. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wafanyabiashara. Je, ya Fundi ni mizani ya biashara au ni kamba na madumu? Yeye anauza kwa kipande, si kwa kilo, ila namba iliyo kwenye kipande ndiyo inayomleta mteja Nyasho. Zege likipasuka juu ya mguu wa mtu, nani anaulizwa? Na swali alilokuja nalo dada mmoja mchuuzi wa dagaa, mwenye bega linalouma tangu mwaka jana, kama kilo 3 zitamsaidia au zitamwongezea: Fundi alimwambia aende kwanza hospitali. Alimfyatulia jozi ya kilo 3 hata hivyo. Bado hajaja kuichukua.

Jioni waliingia vijana wawili. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Walikuja kwa ajili ya chuma. Chuma cha milimita 30 huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo watu watatu huchangia na kila mmoja hupata mita 2. Walikuwa watatu, mmoja amejitoa, na dukani hawakatiwi kidogo. Wanataka Fundi alipe theluthi iliyobaki, kipande kikae kwake mpaka apatikane mtu. Fundi aliuliza mara ya mwisho mtu alipopatikana ilikuwa lini. "Fundi, sisi tutamtafuta," alisema mkubwa wao. Mdogo akauliza kama hawezi kuwakopesha mpaka mwisho wa mwezi. Mke wa Fundi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitoka na kuuliza jagi lake liko wapi.