Usiseme 'Baadaye', Kompyuta Yako Itakuliza!

Mimi ni bingwa wa kusema 'baadaye'. Kompyuta yangu ikiniletea kile kijisanduku cha kuomba maboresho, nabonyeza 'baadaye' kama mtu anayefukuza nzi. Wiki iliyopita kijana mmoja fundi alinikuta kwenye mchezo huo, akanitolea macho.

"Dada, unajua hospitali za Uingereza ziliumbuka hivyo hivyo?"

"Mdogo wangu, niache nimalize stori, mhariri ananisubiri."

Hakuniacha. Nami sikuachi, msomaji.

Iko hivi. Ndani ya kila kompyuta kuna programu mama, wataalamu wanaiita keneli. Chukulia nyumba ya kupanga kule uswahilini. Programu zako za muziki na barua ni wapangaji, kila mmoja na chumba chake. Keneli ndiye baba mwenye nyumba: funguo zote anazo yeye.

Sasa, data zinazoingia huwekwa kwanza kwenye chombo cha muda kiitwacho bafa. Ni ndoo tu. Ndoo ya lita 10 ukiimiminia lita 20, maji si yatafurika hadi kwa jirani? Kwenye kompyuta zinafurika data, na mjanja anaweza kuzipanga ili zilizomwagika zigeuke amri. Kama ndoo iko chumbani kwa baba mwenye nyumba, basi mgeni keshashika funguo zote. Kasheshe!

Windows ilikuwa na ndoo ya namna hiyo. Kipande cha keneli kinachoshughulikia kugawana mafaili kwenye mtandao kilikosea hesabu, kikatenga nafasi ndogo kuliko data iliyokuwa inaingia. Ikatengenezwa silaha ya kupenya hapo, EternalBlue. Microsoft wenyewe walisema iliibwa kwa majasusi wa Marekani, NSA. Kiraka cha kuziba tundu kilitoka tarehe 14 Machi, 2017. Mwezi uliofuata kundi lijiitalo Shadow Brokers likaianika silaha hadharani.

Tarehe 12 Mei, 2017 balaa likashuka. Kirusi WannaCry kilihama mashine hadi mashine bila mtu kubonyeza chochote, kikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Nchi zaidi ya 150 zilikumbwa. Huko Uingereza inakadiriwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Siku hiyo hiyo kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliona kirusi kinaulizia anwani ya intaneti isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa dola 10 na ushee, kasi ya kirusi ikakatika.

Kinachoniuma ni kimoja: kiraka kilikuwepo karibu miezi miwili kabla! Walioumia hawakuwa wamekiweka.

Fundi akaniuliza, "Dada, humu ndani una nini?" Nikanyamaza. Mna stori zangu za miaka sita na picha za marehemu mama. Nakala nyingine sina.

Basi nikabonyeza 'sasa'. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena, dakika 40 nzima. Mhariri alifoka mpaka mishipa ikamtoka. Acha afoke! Akitulia namwomba fedha ya diski ya kuwekea nakala.

Na wewe, kijisanduku chako umekijibu nini leo?