Jina la Kifungo cha Nje

Katika Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, kama ilivyo Njombe mjini na Makambako, mtu aliyetiwa hatiani na mahakama kisha akarejea kwake pasipo kupelekwa gerezani husemwa kuwa amepewa kifungo cha nje. Na kwa sababu jina hili limezoeleka vinywani, wengi hudhani kwamba adhabu imekwisha kutolewa, na kwamba kila mwezi upitao ni fungu la deni lililolipwa. Dhana hii ina madhara makubwa, nami natamani iondoke kabla haijamponza mtu mwingine.

Chini ya sheria ya uangalizi wa wahalifu, Sura ya 247 ya sheria za nchi, hakimu akisha kuzingatia umri wa mkosaji, tabia yake na hali ya kosa lenyewe, aweza kuiweka adhabu kando, akamtia mtu yule katika uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiozidi miaka 3, juu ya masharti ambayo lazima aelezwe kwa lugha aifahamuyo na ambayo mwenyewe huyaridhia. Asili ya jambo hili ni dhamana: mwaka 1841 mshona viatu wa Boston, John Augustus, alimdhamini mlevi mmoja mbele ya mahakama, akamrejesha baada ya majuma machache akiwa ameacha ulevi.

Natuchukue mfano wa kijana wa Igwachanya aliyeahidi kuonana na afisa kila mwezi, kisha akavutwa na riziki ya kupakia magunia ya viazi Makambako, penye njia panda na stesheni ya TAZARA, akahama kimya kimya. Afisa, akisha kumtafuta kwa jamaa zake na kwa mtendaji wa kijiji asimpate, hupeleka taarifa mahakamani, na mahakama hutoa hati ya wito, au hati ya kumkamata.

Afikapo kizimbani hashtakiwi upya kwa kosa la kwanza, maana hatia ile ilikwisha kuthubutu. Aulizwalo ni kama amevunja masharti. Akikana, madai hayana budi kuthibitishwa kwa ushahidi, naye apewe nafasi ya kumhoji afisa na kueleza udhuru wake, kwani haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu imo katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a). Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Mtu aliyelazwa hospitali, au aliyekuwa matangani kwa mzazi wake, hawi sawa na aliyejificha kwa makusudi, na karatasi yenye orodha ya siku alizokosa kuripoti haiwezi peke yake kutofautisha maradhi na ukaidi. Kwa hiyo cheti cha daktari au shahidi wa kijijini ni vitu vya thamani, navyo viletwe siku ile ile.

Ikithibitika kuwa alivunja masharti, mahakama yaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumwadhibu kwa kosa lile la asili kana kwamba ametiwa hatiani leo. Hapo ndipo jina la kifungo cha nje linapomsaliti mtu: miezi 10 aliyoitii kati ya 12 haipunguzwi kama siku za gerezani, ingawa ana haki ya kuitaja anapoomba huruma. Na akiwa ametenda kosa jipya, hilo lina shauri lake na adhabu yake, na lile la kale laweza kuamshwa pamoja nalo.

Wapo pia walioachiliwa kwa sharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, kwa muda usiozidi miezi 12. Hao hawana afisa wa kuripoti kwake, na sharti lao ni moja tu, wasitende kosa lingine.

Kijana wetu, lau angalimwendea afisa kabla ya kupanda gari la Makambako, mahakama ingaliweza kurekebisha amri ili uangalizi umfuate huko aendako, naye angalipakia magunia yake pasipo kumwogopa askari apitaye.